Waliingia kwa Miguu

Kila jioni, akishaifunika cherehani yake kwa kipande cha shuka la maua, Bibi Fundi aliketi kitandani, akavua miwani ya kazi akavaa ya simu, akabonyeza kidole gumba kwenye ile alama ya kipaza sauti na kusema, "Kitendawili!" Kisha akaachia. Kidole kikiachia, sauti imekwenda. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na zaidi ya hapo hakutaka kujua. Alisema simu afadhali uijue kidogo tu, kama mambo ya mkweo.

Wajukuu zake saba walikuwa wametawanyika kama vifungo vya shati lililochanika. Mmoja yuko jeshini, mmoja nchi ya baridi anakosha wazee, wawili kwa baba yao, na kadhalika. Kundi la familia ndilo lililowakusanya. Wote walijibu, "Tega!" Wakishindwa, bibi hutaka mji. "Nipeni mji!" Nao wakimpa, basi anaufikia kwa maneno tu. Anakula kwao akashiba, anaikosoa chai yao, anaulalia mto wao uliojaa mabonge, ndipo anapotoa jibu. Mjukuu mmoja wa kike, aliyekuwa akisomea ualimu, wakimwita Kasuku kwa wingi wa maneno, alikuwa akimpa makusudi miji ya vumbi ili amsikie akiiteta. Huyo na bibi yake waliitana mke mwenza, wakigombania marehemu babu.

Siku soko lilipoanguka, Bibi Fundi hakutega.

Lilikuwa soko la vitambaa la ghorofa nne, na mwenye nalo alikuwa amepachika ya tano juu, kama mtu anayevaa kofia juu ya kofia. Saa sita mchana, watu wamejaa, likakaa chini. Ndivyo walivyosema waliokuwa barabarani. Halikupiga kelele sana, lilikaa tu kama mtu aliyechoka, kisha vumbi likapanda. Nchi nzima ikasimama. Redio ziliacha nyimbo. Na ghorofa ya tatu, mkono wa kushoto ukimaliza ngazi, pale palipouzwa zipu na vifungo, ndipo alipokuwa Kifungo.

Kifungo alikuwa binti wa pekee wa jirani wa Bibi Fundi. Jina alilipata akiwa na miaka miwili, alipomeza kifungo cha koti humo humo chumbani kwa Bibi Fundi, wakamsubiri siku mbili nzima na poti. Kilipotoka, mama yake alikiosha, akasema, "Kirudishe kwenye koti la watu." Tangu hapo yeye akawa Mama Kifungo, na mtoto alipokua akaenda kuuza vifungo kweli, watu wakasema huyo alijichagulia kazi mapema. Wanawake hawa wawili walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta miaka thelathini na moja. Waliteka maji bomba moja, na mmoja akipiga chafya mwenzake alimwombea afya kutoka upande wa pili.

Siku ya tatu baada ya soko kuanguka, watu bado walikuwa wakifukua. Bibi Fundi alirudi jioni kutoka kwa Mama Kifungo, alikoshinda amemshika mkono bila neno, akakuta wajukuu wameandika: "Bibi, mbona kimya? Tega hata kimoja, tuna huzuni." Akaona ni kweli, watoto nao wana huzuni. Akabonyeza.

"Kitendawili," alisema. Akangoja kidogo, kama vile wamemjibu. "Waliingia kwa miguu, wametoka kwa mabega." Akavuta pumzi. "Wala msinipe mji. Leo siutaki mji wowote."

Alikuwa na mengine ya kusema. Alitaka kumtaja Kifungo, alitaka kuwaambia wamwombee yule mama. Lakini kilio kikamtoka mpaka mwisho wake, akainua mkono apanguse pua. Kidole kikaachia.

Sasa hapa pana jambo ambalo lazima ulijue. Bibi Fundi akilia, anacheka. Si kwamba ana furaha, maskini, ni koo lake tu aliloumbiwa. Kilio chake kinaanza hi-hi-hi, kinapanda juu, kinakatika, kisha mwishoni kinapiga mluzi kama birika. Siku ya kumzika mumewe nusura shemeji zake wamtoe makaburini kwa kumburuta. Ni Mama Kifungo aliyesimama akasema, "Mwacheni. Ndivyo anavyolia huyu. Mimi naishi naye ukuta kwa ukuta." Tangu hapo, kila msiba walikaa pamoja, na wageni wakigeuka kuangalia, Mama Kifungo alikuwa akiwanong'oneza, "Ndivyo anavyolia." Alikuwa kama mkalimani wake.

Familia iliposikia ile sauti, wote walilia. Wao wanamjua. Kasuku, kwa mapenzi yake na kwa ule mdomo wake usiotulia, aliirusha kwa wenzake wa bwenini, akaandika chini: "Msikieni bibi yangu anavyowalilia ndugu zetu." Wale nao wakalia. Lakini mmoja wao aliirusha mbele bila yale maandishi. Sauti ikaenda, maelezo yakabaki nyuma. Ilipofika mkono wa tatu, kilichobaki ni bibi kizee mmoja, hajulikani wa wapi, anawategea kitendawili maiti na kuangua kicheko.

Bibi Fundi hakujua lolote. Siku ya tano alikwenda kwa fundi simu wa pale njia panda, maana simu yake ilikuwa haikai na chaji. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya kioo chake chenye mikwaruzo, bisibisi sikioni, anatetemeka mabega kwa kucheka.

"Karibu, bibi. Hebu njoo uone kitu. Hii imevunja watu mbavu nchi nzima."

Akamgeuzia simu. Mheshimiwa mmoja mkubwa alikuwa akishuka kwenye gari pale kwenye kifusi, amevaa mabuti meupe mapya, bado yana karatasi ya dukani. Anakanyaga tope kwa ncha ya kidole kama jogoo. Kisha sauti ikaingia: *Waliingia kwa miguu, wametoka kwa mabega.* Mheshimiwa akateleza, walinzi wakamnyanyua juujuu. *Hi-hi-hi*, mpaka mluzi.

Bibi Fundi alisogeza uso karibu na kioo. Akashika meza.

"Huyo anayesema ni nani?"

"Nani anajua? Wanamwita Bibi Jini. Wengine wanabisha, wanasema ni mwanamume kabana pua." Fundi akatelezesha kidole. "Hizi ziko mamia. Tazama hii ya timu yetu ya taifa."

Wachezaji waliingia uwanjani wamevimba vifua. Kisha mmoja baada ya mwingine wakatolewa kwa machela, na bibi anacheka. Hapo, Mungu amsamehe, midomo ya Bibi Fundi ilicheza. Ilikuwa inachekesha. Aliizuia kwa mkono, akaona aibu mpaka masikioni.

"Na hizi sasa ndizo zimeshika kasi," fundi aliendelea. "Bibi kasema asipewe mji, basi watu ndio wanampa kwa nguvu."

Zilikuwa picha za majengo. Shule yenye ufa kutoka dirishani hadi chini, imeandikwa: "Bibi, nakupa mji, huu hapa." Wodi ya wazazi iliyoegemezewa magogo: "Bibi, huku utakuja mwezi ujao?" Ghorofa saba juu ya nguzo nyembamba kama miguu ya korongo: "Bibi, mji wetu umeiva." Kila mji ulijitoa. Watu walikuwa wakicheka na kuonyesha nyumba wanazolala.

"Zifute," alisema Bibi Fundi.

"Nifute simuni kwangu?"

"Kote."

Fundi alicheka, halafu akamtazama vizuri, akaacha. "Bibi, unaumwa?"

"Ni mimi huyo, mwanangu. Nilikuwa nalia."

Fundi alitoa bisibisi sikioni, akaishika tu. Huyu alikuwa mtu anayefufua simu zilizotumbukia chooni, na leo hakuwa na la kufanya. "Bibi yangu," alisema polepole, "mimi hapa naweza kufuta yangu. Wa nyumba ya pili atafuta yake, tukimwomba. Lakini kila aliyeiona kaituma kwa watu kumi. Yupo aliyeiona yuko nchi nyingine, hata lugha hajui, anapenda ule mluzi tu. Nimfuate wapi?"

"Basi futa ya kwako."

Akafuta mbele yake, moja moja, kwa heshima, kama mtu anayeokota nguo za watu kwenye kamba. Alipomaliza, simu ikalia. Nyingine ilikuwa imeingia. Fundi akaigeuza uso chini.

Nyumbani, Bibi Fundi alimpigia Kasuku. Huko akakuta kilio tayari.

"Mke mwenza, nisamehe! Nisamehe mimi!"

"Unalia nini? Wewe ukilia angalau watu wanajua unalia."

"Bibi, usifanye mzaha."

"Nifanye nini basi? Umewaambia ni mimi, nilikuwa nalia?"

"Nimewaandikia kila mahali! Nimewaambia huyu ni bibi yangu, ana jirani yake mle ndani, hakuwa anacheka. Unajua wamenijibu nini? 'Sasa akicheka si ndiyo atalia?' Watu elfu ngapi wameipenda hiyo. Mmoja kasema nimpe pole bibi, nimwambie atoe nyingine."

"Hawana bibi hao?"

"Wanao, mke mwenza. Wengine wanasikiliza wamekaa nao." Kasuku akavuta kamasi. "Nimeandika tena asubuhi. Nikaweka na picha yako, ile ya harusi ya mjomba, waone kwamba ni mtu."

Bibi Fundi akafumba macho. "Picha yangu."

"Nilidhani wakiona ni mtu..."

"Sasa wameifanya nini?"

Kasuku akaanza kulia upya.

"Usiandike tena, mwanangu. Kila ukiandika unawapelekea kuni."

Alikaa kitandani na mikono mapajani. Nchi nzima kumcheka, hilo alishalimeza. Alikuwa mzee, alishachekwa kwa mengi. Lililomtoa jasho lilikuwa moja tu: Mama Kifungo. Simu ya Mama Kifungo ilikuwa imechukuliwa na kaka yake tangu siku ya kwanza, ili apokee pole kwa niaba yake. Msiba ukiisha, atarudishiwa. Ataifungua, na humo ndani atamkuta mwenzake wa miaka thelathini na moja akicheka juu ya mwanawe. Bibi Fundi akaamua: atamwambia mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla simu haijamwambia.

Siku ya sita Kifungo alipatikana. Walimtambua kwa pete. Maziko yakapangwa Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Bibi Fundi alikwenda upande wa pili wa ukuta. Alipozunguka nyuma ya nyumba alisikia sauti yake mwenyewe. Mjomba wa Kifungo, yule kaka mtu, alikuwa amekaa kwenye benchi la wanaume, peke yake, viatu vyake bado vyeupe kwa vumbi la saruji. Alikuwa ameishika simu karibu na sikio, kwa sauti ndogo, na mabega yanamtikisika. Alicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Alipomwona akashtuka, akaizima.

"Dada, usinione mwendawazimu."

"Unacheka nini, kaka yangu?"

"Siku sita nimekuwa pale kwenye kifusi. Tunachimba kwa mikono. Kila machela ikitoka, kuna jamaa mmoja, dereva wa lile tingatinga, anaiweka hii. Tunacheka wote, hata askari. Tusipocheka, hakuna anayenyanyua jiwe linalofuata." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Hata ya huyu wetu ilipotoka, aliiweka. Hakujua ni mpwa wangu. Nami nikacheka, dada. Sijui nilichekaje. Mkono wake niliuona, na nilicheka."

Bibi Fundi alikuwa amekuja na hasira amezifunga vizuri, anatafuta wa kumfungulia. Alimtazama huyu mtu na saruji yake, akakosa pa kuziweka. Akamgusa bega, akaingia ndani.

Mama Kifungo alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, kitambaa kichwani kimelegea. Wanawake wengine walikuwa jikoni. Bibi Fundi akakaa, akamfunga kitambaa vizuri kwanza, kisha akasema, "Mwenzangu, nina jambo. Kuna sauti inazunguka kwenye simu za watu. Ya mtu anayecheka..."

"Nimeisikia."

"Umeisikia lini?"

"Siku ya nne. Wifi yangu kaniletea hapa hapa, eti nisikie watu walivyokosa utu."

Bibi Fundi akamsogelea. "Ukajua?"

"Nisikujue wewe?" Mama Kifungo aligeuka, macho mekundu kama pilipili. "Nimekusikia ukimlilia mumeo, nimekusikia ukimlilia mama yako, nimekusikia ukimlilia na yule kuku wako aliyekanyagwa. Nikuulize unalia au unacheka leo?"

Bibi Fundi akataka kumkumbatia, lakini mwenzake alimshika kifundo cha mkono, akakibana.

"Ngoja. Sijamaliza. Nimewaambia. Nimewaambia wifi zangu, nimewaambia na wakwe, ndivyo anavyolia huyu, mwacheni. Nimesema mpaka koo limekauka. Unajua wanavyonitazama? Wanasema msiba umenipanda kichwani. Wananipa maji ninywe. Yule mdogo wao kapata na picha yako, sijui kaitoa wapi. Kaapa ukikanyaga makaburini atakutoa mbele ya watu."

"Basi nisije?"

Jikoni sufuria ikaanguka, mtu akalaani. Mama Kifungo akangoja kelele ziishe.

"Utakosaje kuja? Wewe ndiye uliyemsubiri na poti." Sauti yake ikakatika, akaikusanya. "Njoo. Nimewabana, wamekubali ukae nyuma, na wao watanyamaza. Lakini usilie."

"Nisilie?"

"Wageni watakuwa wengi. Redio zitakuja, na kila mtu ana simu. Ukilia mara moja tu, watakutambua. Watakugeukia wote. Mwanangu atashushwa chini, na watu wanacheka." Alimwachia mkono. "Nakuomba. Nataka azikwe kama mtu."

Bibi Fundi akasema, "Sawa." Lingine halikuwepo.

Jumamosi alikwenda. Alikaa safu ya nyuma kabisa, chini ya turubai la bluu, ambako hakumjua mtu. Mbele, kwenye kiti kilicho pembeni ya Mama Kifungo, alipokuwa akikaa yeye siku zote, alikaa wifi mtu. Jeneza lilipopita alilitazama, akauma ulimi. Wakati wa kumsifu marehemu, aliposikia wanasema alikuwa mtoto mwema tangu utotoni, akaanza kushona kichwani. Alikata gauni la shule, akaweka pindo, akahesabu matundu ya vifungo, sita, akashona la kwanza, akashona la pili. Kilio kilikuja kikasimama kooni kama mfupa. Akashona la tatu.

Walipoanza kushusha kamba, Mama Kifungo alitoa sauti moja iliyowafanya hata waliokuwa na simu mkononi kuzishusha. Watu wote chini ya turubai walilia. Bibi Fundi alibana meno mpaka taya likatetemeka. Aliwaza kwamba huyu ndiye mtoto aliyemfundisha kushona kwa kumkalisha mapajani, na hana ruhusa ya kumlilia. Akashona la nne. Jicho halikutoa kitu. Lilikuwa kavu, linauma kama limetiwa mchanga.

"Mtazame yule kikongwe," mtu alisema nyuma yake.

"Yupi?"

"Huyo mwenye mtandio wa kijivu. Hana hata chozi moja. Wenzake wanazimia, yeye kakaza mdomo tu."

"Nasikia ndiye jirani."

"Jirani? Na hana chozi? Moyo wa chuma huo."

"Hebu mpige, mpige picha. Hii watu lazima waione."

Aliiona simu ikiinuka upande wa kushoto, juu ya mabega ya watu, kioo kidogo kimemwelekea yeye. Akataka kujifunika uso kwa mtandio, akaona watasema anaficha kicheko. Akataka kuinama, akaona kilio kitamtoka kikipata nafasi. Mbele kule udongo ulianza kuanguka. Bibi Fundi aliacha uso wake pale pale ulipokuwa, wazi, mkavu, na wao wakaupiga.